Shajara ya mradi: hita ya volti 12 kwa mashine ya Shangazi ya kutotolesha

Jumamosi, kupokea kazi

Mashine yenyewe ni sanduku la plywood alilotengeneza seremala wa hapa hapa Morogoro. Ndani limevishwa ile fomu nyeupe inayokuja na televisheni mpya, unene wa milimita 25. Kwa nje nimepima sentimita 60 kwa 50 kwa 45. Lina mlango wa mbele, trei mbili, feni ndogo ya kompyuta, na themostati ya kichina yenye namba nyekundu, ambayo rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) inasikika "tak" kila inapowasha na kuzima. Joto lilikuwa linatoka kwenye balbu mbili za umeme wa kawaida. Tatizo ni usiku: umeme ukikatika saa nane, asubuhi Shangazi anakuta mayai yamepoa.

Betri anayo. Iko barazani, ni ya asidi, 12V 100Ah, inachajiwa na paneli ya wati 150, na kuna chaja ya umeme wa ukutani. Inawasha taa za ndani na kuchaji simu tu. Nilipomwamkia na kuanza kumuuliza mayai mangapi na usiku chumba kinakuwa na baridi kiasi gani, alinikatisha: "Marahaba baba. Mimi hesabu sizitaki, nataka vifaranga." Sawa, hesabu zitakaa huku kwenye daftari.

Mayai ya kuku yanahitaji nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni, siku 21, na hayapendi mchezo. Nikaanza na swali moja: wati ngapi zinatosha?

Eneo la nje la sanduku ni kama mita za mraba 1.59. Fomu ya unene ule hupitisha takriban wati 1.4 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Ukiongeza plywood na ule utando wa hewa tulivu unaoganda kwenye kuta, inashuka hadi kama 1.15. Kwa sanduku zima ni wati 1.8 hivi kwa kila nyuzi. Sasa ni kipupwe, upepo wa Uluguru unashuka jioni, na chumba cha Shangazi usiku kinafika nyuzi 21. Tofauti ni 16.5, kwa hiyo kuta zinakula wati 30. Matundu ya hewa nayo yana sehemu yake, kwa sababu yai linapumua na hewa ya joto lazima itoke. Nikayapa wati 10. Jumla 40.

Hita ya wati 40 kamili itakuwa inahangaika usiku kucha, na mlango ukifunguliwa kugeuza mayai haitaweza kurudisha joto haraka. Nimeamua wati 60.

Kwa volti 12: 60 gawanya kwa 12 ni ampea 5. Volti 12 gawanya kwa ampea 5 ni omu 2.4, ambao ndio ukinzani, yaani kiasi waya unavyouzuia umeme. Hizo ndizo namba za mradi mzima: 12, 5, 2.4, 60. Ukizijua mbili, nyingine mbili unazo.

Jumapili jioni, balbu za gari

Fundi magari jirani yangu alishauri balbu za breki, zile za 12V 21W. Tatu zingetoa wati 63, na hazihitaji kutengeneza chochote. Nikachukua moja nikaipima kabla ya kusema ndiyo.

Mita kwenye omu: 0.8. Nikagusanisha zile waya mbili za mita zenyewe, bila balbu: 0.3. Kwa hiyo balbu ni omu 0.5. (Ukipima kitu cha omu chache bila kutoa ukinzani wa waya za mita, unajidanganya vibaya.)

Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa pembeni na simu yake, akapiga hesabu mbio: volti 12.1 mara 12.1, gawanya kwa 0.5. "Fundi, hii ni wati 293! Itayeyusha sanduku."

Nikamwambia aiwashe, mita moja kwenye miguu ya balbu kusoma volti, nyingine njiani kusoma ampea. Volti 12.1, ampea 1.76. Zidisha: wati 21.3, sawasawa na ilivyoandikwa. Gawanya: omu 6.9. Balbu ileile, omu 0.5 ikiwa baridi na 6.9 ikiwa inawaka. Uzi wa tangsteni unapofika zaidi ya nyuzi 2,000 ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi. Hesabu ya kijana haikuwa na kosa. Alichokosea ni kuweka kwenye hesabu ya balbu inayowaka namba aliyoipima ikiwa imezimwa.

Kwa hiyo kanuni ya kazi hii: ukinzani wa kitu kinachopata moto unapatikana kwa kupima volti na ampea kikiwa kazini, kwa wakati mmoja, halafu unagawanya. Kile kitufe cha omu kwenye mita ni cha kuangalia kama waya umekatika.

Balbu nimezikataa kwa sababu nyingine. Huwaka na kuzimwa na themostati mara mamia kwa wiki, na kila zinapowashwa zikiwa baridi zinavuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo, kwa ile omu 0.5. Balbu na rilei vyote vinaumia hapo. Itakayoungua usiku wa siku ya 15 hakuna atakayeijua mpaka asubuhi.

Jumanne, waya wa jiko

Kwenye maboksi yangu kulikuwa na koili mpya ya jiko la umeme, 230V 1000W. Ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu, ambao ukinzani wake haubadiliki sana na joto, asilimia chache tu. Ndiyo sababu majiko, pasi na vikausha nywele vinautumia.

Kwa karatasi: 230 mara 230, gawanya kwa 1000, ni omu 52.9 ikiwa nyekundu. Mita ilisoma 50.6, toa 0.3 ya waya za mita, 50.3 ikiwa baridi. Inaeleweka. Nikaivuta ikanyooka: mita 5.75. Kwa hiyo kila mita ni omu 8.75. Kujua unene bila kuwa na kipimo cha milimita, nilizungushia waya kwenye kalamu mara kumi, mizunguko ikibanana, nikapima kwa rula: milimita 4. Basi waya ni wa milimita 0.4.

Hapa ndipo watu wengi wanachoma nyumba. Nataka omu 2.4, na omu 2.4 ya waya huu ni kipande cha sentimita 27 tu. Ukikata sentimita 27 ukaiunga kwenye betri, utapata ampea 5 na wati 60 kama ulivyotaka, na hesabu zote zitakuwa sahihi. Lakini wati 60 kwenye sentimita 27 ni wati 220 kwa kila mita. Kule jikoni waya huuhuu ulikuwa unabeba wati 174 kwa kila mita na unakuwa mwekundu. Yaani ndani ya sanduku la mbao na fomu, kando ya manyoya ya vifaranga, utakuwa na waya mkali kuliko wa jiko. Omu, ampea, wati, vyote vimekubali. Joto la waya halimo kwenye kanuni ya Ohm, ile ya volti gawanya kwa ampea ni omu. Linategemea hizo wati zimetandazwa kwenye urefu gani.

Nikafanya hivi: vipande vinne, kila kimoja sentimita 110, vimeungwa sambamba, yaani kila kimoja na njia yake kutoka chanya hadi hasi. Kila kipande ni omu 9.6, kinavuta ampea 1.25, kinatoa wati 15. Vinne pamoja: 9.6 gawanya kwa 4 ni omu 2.4, ampea 5, wati 60. Sasa ni chini ya wati 14 kwa kila mita, pungufu ya sehemu ya kumi ya jiko. Waya hauonyeshi rangi yoyote hata gizani. Ukiusogelea na karatasi kavu haifanyi kitu, ingawa kidole nisingekiweka.

Faida ya pili ya vipande vinne ni kwamba kimoja kikikatika, vinabaki vitatu: omu 3.2, wati 45. Mayai yanaponea. Ungekuwa waya mmoja mrefu, ukikatika ni sifuri.

Nikromu haishiki risasi ya kawaida ya kuunganishia, usihangaike nayo. Nimebana kwa skrubu za shaba nyeupe na washa mbili kila upande, waya ukipita katikati, kwenye konekta za udongo za jiko lilelile. Fremu ni ya bati, waya umepitishwa kwenye vishikizo vya udongo, feni inapuliza nyuma yake.

Kipimo mezani, betri ikiwa hapohapo na waya fupi nene: volti 12.4, ampea 5.15. Omu 2.41. Wati 63.9. Safi.

Angalizo kuhusu mita kabla sijasahau. Kwenye mita nyingi za bei rahisi lile tundu la 10A limeandikwa kabisa kuwa halina fyuzi, na usipime zaidi ya sekunde kumi. Ukimaliza kusoma ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Ukiuacha kule halafu ukaenda kupima volti za betri, umeunga chanya na hasi kwa waya mtupu, na betri ya 100Ah inaweza kumwaga mamia ya ampea kabla hujatoa mkono. Kijana nimemfanya aseme kwa sauti "narudisha" kila anapoichomoa. Anaona aibu lakini anasema.

Ijumaa, kufunga kwa Shangazi

Tumefunga hita kwenye sanduku, tumeunga kwenye waya uliokuwepo tayari kutoka barazani, mita 7 kwenda na 7 kurudi, uliofungwa na fundi wa sola wa zamani. Umeandikwa 1.5, yaani unene wa milimita za mraba 1.5. Kwa shaba halisi ya 1.5, mita 14 ni omu 0.16 hivi. Nilitarajia nipoteze volti 0.8, nikaona si haba, tutaishi nayo.

Namba zilizotoka: kwenye betri hita ikiwaka, volti 12.2. Kwenye miguu ya hita, volti 10.3. Ampea 4.3.

Omu: 10.3 gawanya kwa 4.3 ni 2.4. Hita haina kosa. Wati: 10.3 mara 4.3 ni 44.3. Hita ya wati 60 imekuwa ya wati 44.

Hili linawashangaza wengi, kwa hiyo nalikalia kidogo. Volti zimepungua kutoka 12 hadi 10.3, asilimia 14. Wati zimepungua asilimia 26. Kwa sababu volti zikishuka na ampea zinashuka nazo, na wati ni zao la hizo mbili. Hasara inahesabiwa mara mbili. Fundi anayesema "volti moja na nusu si kitu" kwenye mfumo wa 12V anazungumza kwa mazoea ya 230, ambako kweli si kitu.

Na hizo wati 16 zinazokosekana hazijachomwa zote njiani. Betri inatoa 12.2 mara 4.3, wati 52.5. Hita inapata 44.3. Njiani zinapotea 8.2. Zilizobaki hazikutoka kabisa kwenye betri, maana mkondo wenyewe umepungua.

Sasa, volti 1.9 zimepotelea wapi? Usikate waya, usibahatishe. Hita ikiwa inawaka, weka mita kwenye volti na upime ncha mbili za kila sehemu ya njia, moja baada ya nyingine. Sehemu isiyo na hitilafu itasoma karibu sifuri. Mwizi ataonyesha namba. Tulipata:

Waya wa kwenda, mwanzo hadi mwisho: 0.60.
Waya wa kurudi: 0.60.
Kishikio cha fyuzi: 0.70.

Jumla 1.90, hakuna kilichojificha.

Kishikio cha fyuzi kwanza, kwa sababu ndicho kilichonitisha. Volti 0.70 mara ampea 4.3 ni wati 3, ndani ya kiplastiki cha ukubwa wa kidole gumba. Kilikuwa cha moto na plastiki imeanza kulainika upande mmoja. Tulipokifungua, fyuzi ya kioo ilikuwa imeungua zamani, mtu akaizungushia ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Karatasi yenyewe imeshaoza, imekuwa na madoa ya kijani pale inapogusa shaba, na unga mweupe. Shangazi alichungulia akauliza kama ndiyo iliyokuwa inamaliza betri. Sehemu yake ndogo, nikamwambia. Sikutaka kumwambia kwamba kama waya ungegusana ukutani, karatasi ile isingekata chochote mpaka paa liwe linawaka.

Halafu waya. Volti 0.60 gawanya kwa ampea 4.3 ni omu 0.14 kwa mita 7, yaani omu 0.020 kwa kila mita. Shaba ya 1.5 ni omu 0.0117. Kuna kitu hapa. Nikachuna ncha, nikachukua uzi mmoja mwembamba kati ya nyuzi za waya, nikaukwangua kwa ukingo wa kisu. Juu nyekundu, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na unene nao haufiki 1.5 iliyoandikwa. Waya huu umejaa madukani, unauzwa kwa jina la shaba, na mteja hana cha kumwonyesha kwa macho. Ila ukiwa na mzigo wa ampea unaoujua na mita ya volti, waya unakiri wenyewe. Mkwaruzo wa kisu na uzito mkononi vinasaidia dukani, kabla hujalipa.

Kwa nini betri isisogezwe karibu, umalize shida? Betri hii inatoa hewa ya haidrojeni inapochajiwa, na chumba kile wajukuu wanalala. Ibaki barazani.

Jumamosi, kuhusu betri na Bwana Ohm

Siku ya kusubiri waya mpya, nimepata nafasi ya kuandika kitu kilichonisumbua jana. Wakati naandika 12.2 kwenye daftari, mita ilikuwa tayari 12.1. Betri inapobebeshwa mzigo volti zake zinalegea taratibu, ukizima zinapanda tena. Ukisoma volti sasa na ampea dakika tano baadaye, umegawanya namba za nyakati mbili tofauti. Kwa hiyo natumia mita mbili, na kijana anasoma yake kwa sauti mimi ninaposoma yangu.

Georg Simon Ohm alikuwa na shida hiyohiyo, na mbaya zaidi. Alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne, Ujerumani, na betri za wakati wake zilikuwa zinapoteza nguvu huku anapima. Vipimo vyake vya mwanzo havikutulia. Kilichomwokoa ni ushauri wa mwanafizikia mwenzake, Poggendorff, kwamba aache betri, atumie jozi ya metali mbili, bismuthi na shaba, upande mmoja ukikaa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Maji yanayochemka hayachoki, barafu haichoki, na umeme unaotoka ni mdogo sana ila umetulia. Hapo namba zikaanza kupatana, na mwaka 1827 akachapisha kitabu chake Berlin. Kuhusu joto la waya, kwamba linakua kwa mraba wa mkondo, hilo alilionyesha James Joule mwaka 1841. Kwa hiyo wati 3 za kile kishikio cha fyuzi ni za Joule kuliko za Ohm.

Mimi barafu na bismuthi sina. Nina mita mbili na kijana mwenye sauti.

Jumatatu, waya mpya

Shaba ya 4, mita 14. Kwa hesabu ni omu 0.061. Kishikio kipya cha fyuzi za bapa, kama za kwenye magari.

Betri 12.3 ikiwa na mzigo. Ampea 4.98. Kwenye hita 11.95. Omu 2.40, wati 59.5. Waya zinakula volti 0.31 kwa jumla, kishikio 0.04. Nimekishika kwa dakika kadhaa, ni cha baridi.

Saizi ya fyuzi: mchana paneli ikichaji, betri inafika volti 14.4. Njia nzima na hita ni omu 2.47. Mkondo mkubwa kabisa basi ni ampea 5.8. Nimeweka fyuzi ya 7.5. Ya 30, ambayo muuzaji alinipa kwanza "ili isikusumbue", ni kubwa mno kwa mzigo huu.

Hesabu hiyo ya mchana ikanizindua kwa jambo jingine. Betri ikiwa 14.2, hita inapata kama 13.8, na 13.8 mara 13.8 gawanya kwa 2.4 ni wati 79. Hita ileile niliyoiita ya wati 60 ni ya wati 44 kwa waya mbovu na ya 79 jua likiwa kali. Themostati inasawazisha, inawasha muda mfupi zaidi, hakuna tatizo. Lakini rilei ya themostati ikigandana saa saba mchana? Hilo nimelirudia usiku, baada ya kupata namba halisi za sanduku.

Jumatatu usiku, sanduku tupu

Chumba nyuzi 21, ndani 37.5. Nimekaa na saa ya simu: inawaka dakika 4, inazima 2, inawaka 4, inazima 2, kwa uthabiti unaochosha. Theluthi mbili za wati 59.5 ni wati 39.7. Feni ina wati 1.8 na iko ndani, joto lake nalo linahesabika. Jumla 41.5.

Makadirio ya Jumamosi ya kwanza yalikuwa 40. Nimeridhika, ingawa najua zile 10 za matundu nilizitoa kichwani.

Wati 41.5 kwa tofauti ya nyuzi 16.5 ni wati 2.5 kwa kila nyuzi. Hii ndiyo namba ya kweli ya sanduku hili, ya thamani kuliko makadirio yote, maana sasa naweza kujibu lile swali. Themostati ikigandana mchana, wati 79 na feni, 81 gawanya kwa 2.5 ni nyuzi 32 juu ya chumba. Chumba kikiwa 30, ndani panafika 62. Hayo ni mayai ya kuchemsha. Kwa hiyo kuna themostati ya pili, imeungwa kwa mfululizo na ya kwanza, yaani umeme unapita moja kisha nyingine, imewekwa 38.8. Kazi yake ni kukata tu, siku ambayo mwenzake atakapogoma.

Kijana aliuliza kuhusu feni: volti 12, ampea 0.15, basi ukinzani wake ni omu 80? Nikamwambia apime kwa kitufe cha omu. Akapata namba moja, akageuza waya za mita akapata nyingine kabisa. Feni ile ina mota na vifaa vya elektroniki ndani. Hakuna kitu cha omu 80 humo. Kuzidisha volti kwa ampea kunakupa wati za kweli za chochote kinachotumia umeme wa betri, iwe hita, feni au redio. Kugawanya kunakupa namba daima, ila ni kwa hita na waya tu ambapo namba hiyo utaitumia kesho kwa volti tofauti na ikajibu vizuri. Feni ukiipa volti 6 haitavuta nusu ya mkondo kwa utiifu. Inaweza hata isizunguke.

Alhamisi, matumizi ya siku nzima

Usiku wa saa 12 kwa wati 41.5: watisaa 498, sawa na ampeasaa 41 kutoka kwenye betri. Ni ya 100, na betri ya asidi sipendi ishuke chini ya nusu. Kwa hiyo usiku mmoja bila umeme unapita. Usiku wa pili bila umeme na bila jua, hapana, na nimemwambia hivyo waziwazi.

Mchana kwa wastani wati 22, watisaa 264. Jumla ya siku kama 760. Paneli ya wati 150 hata ikipata saa tano nzuri inatoa 750 kabla ya hasara za kuchaji, na taa za nyumba zinadai sehemu yao. Sola peke yake haitoshi. Chaja ya ukutani inabaki imechomekwa, paneli inasaidia. Shangazi alitaka kusikia kwamba bili ya umeme imekwisha. Haijaisha.

Mayai yameingia jana. Kipimajoto cha kioo nilichokiweka katikati ya trei ya juu kinacheza kati ya 37.4 na 37.8. Ya chini iko nyuma kwa nyuzi 0.3, nimegeuza feni kidogo ielekee chini, nitaangalia.

Nimebandika karatasi nyuma ya sanduku, kwa fundi yeyote atakayekuja: hita omu 2.4, waya omu 0.06, betri ikiwa 12.3 utapata ampea 5 na volti 11.95. Volti za hita zikiwa chini ya 11.5 huku betri ikiwa 12.3, angalia skrubu na kishikio cha fyuzi. Ampea zikiwa 3.8 na volti ziko juu, kipande kimoja cha waya kimekatika.

Jumapili

Jirani wa Shangazi amekuja kuangalia na anataka yake. Ana betri mbili za 12V zimeungwa kwa mfululizo, volti 24, na banda liko mita 20 kutoka kwenye betri. Hita itakuwa hiihii, vipande vinne vya omu 9.6, ila viungwe viwili viwili kwa mfululizo, kisha jozi mbili sambamba. Jumla omu 9.6, ampea 2.5, wati 60, na kila kipande bado kinabeba wati zake 15. Mkondo ukiwa nusu, hasara ya waya inakuwa robo. Kwa mita 40 za shaba ya 2.5, omu 0.28, nitapoteza volti 0.7 na wati 1.75. Kwa volti 12 waya uleule ungekula 7. Feni ndiyo lazima ibadilishwe, iwe ya 24. Nimemwambia waya atanunua nikiwepo, na kisu ninacho.